Wembe mmoja, vichwa kumi: hadi lini?

 

Ndugu Waislamu, katika mitaa yetu hapa Nyahanga, na Kahama kwa jumla, siku ya saba ya mtoto ni siku ya furaha. Mbuzi huchinjwa, jina hutolewa na kichwa cha mtoto hunyolewa. Hayo ni mafundisho ya Mtume (s.a.w.) na hatuna neno juu yake. Lakini kiangalieni chombo kinachonyolea. Mara nyingi ni kiwembe kilichotoka mfukoni mwa mzee, kimeviringishwa katika kipande cha karatasi, na kilikwisha kupita juu ya vichwa vya watoto wengine, pengine na kidevu cha mwenyewe. Ukiuliza, unajibiwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Jibu hilo tunalikataa kila siku katika mambo ya bid'a. Sioni kwa nini tulikubali katika wembe.

Wanaosoma Kiarabu wanajua kwamba katika hadithi ya mambo ya fitra, kuondoa nywele za siri kumeitwa istihdad, neno linalotokana na hadid, yaani chuma. Na katika Sahih Muslim, Anas bin Malik (r.a.) anaeleza kuwa waliwekewa muda wa mambo hayo usiozidi siku arobaini. Hesabu ni nyepesi: kila aliyebaleghe, mwanamume au mwanamke, anahitaji chuma chenye makali walau mara tisa kwa mwaka. Kitu kinachohitajika mara tisa kwa mwaka, maisha yote, hakifai kuwa cha kuazima.

Atasimama mtu aseme: mbona Khubayb bin Adiyy (r.a.) aliazima? Ni kweli, na kisa chake kimo katika Sahih al-Bukhari. Alikuwa mateka Makka baada ya tukio la Raji', mwaka wa 4 Hijria, akingoja kuuawa, akaomba wembe kwa binti wa al-Harith ili ajitahirishe. Mtoto mdogo wa mwanamke yule akamwendea na kukaa pajani pake, wembe uko mkononi. Mama akaingiwa na hofu, na Khubayb akamtuliza kuwa hawezi kufanya jambo hilo. Nakipenda sana kisa hiki. Lakini Khubayb aliazima kwa kuwa alikuwa kifungoni hana chake. Sisi tu huru, na duka liko mtaa wa pili. Tena sisi tumekwishajua jambo ambalo watu wa zama zile hawakuelezwa: yaliyomo ndani ya damu.

Ukimwi unatajwa sana, na ni haki. Homa ya ini aina ya B haitajwi vya kutosha, ilhali virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, hata katika damu iliyokwisha kukauka na isiyoonekana kwa macho. Tanzania iliingiza chanjo yake katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002; kwa hiyo wengi wa waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni. Hao ndio baba na babu wenye viwembe mifukoni. Na hao ndio vijana wetu wakubwa wanaokwenda machimboni Geita na kwingineko, wakalala wengi kambi moja na kunyoana kwa wembe mmoja. Mapunye na vipele vya shingoni sivitii hata hesabuni.

Basi dawa ni nini? Aliye na haraka anunue kiwembe kipya kila mara. Ni sahihi, na kwa mtoto wa siku saba sikubali kingine: nywele zipunguzwe kwanza kwa mkasi, kisha kiwembe kipya kifunguliwe mbele ya wazazi, na kikimaliza kifukiwe au kitumbukizwe chooni, kisitupwe jalalani ambako watoto hupita peku.

Lakini kwa mwanamume mzima nina rai nyingine. Namshauri awe na wembe wa kukunja, ule wa vinyozi wa zamani, na ajue kuunoa. Kabla ya King Camp Gillette kuanza kuuza viwembe vyake vya kubadilisha mwaka 1903, wanaume wengi duniani walinyoa kwa wembe wa kunolewa, na miji ya Sheffield na Solingen ilipata sifa kwa kazi hiyo. Wembe mmoja ukitunzwa hurithiwa. Na kunoa si jambo geni kwetu. Hawa Warongo wa pande za Geita na Biharamulo walifua majembe yaliyolimia Usukuma na Unyamwezi kabla ya viwanda kufika.

Anayeanza na aelewe kuwa wembe haunolewi kama panga. Jiwe la panga linauua. Unataka jiwe laini la maji, lililo tambarare kabisa. Lenye bonde katikati halifai mpaka lisawazishwe. La namba 1000 hujenga makali, na la 8000 huyang'arisha. Lilowanishe, kisha ulaze wembe mpaka mgongo na makali vyote viguse jiwe. Hiyo ndiyo siri yote ya wembe huu: mgongo wake ndio unaopima mwinamo, mkono wako hauna la kukisia. Sukuma makali yakitangulia, ugeuze juu ya mgongo, urudi. Usikandamize, uzito wa wembe unatosha. Ukanda wa ngozi ni kinyume chake: hapo mgongo hutangulia na makali hufuata, la sivyo utaukata ukanda na kuyakunja makali. Ukanda hupitishwa kila kabla ya kunyoa, mara thelathini hivi. Jiwe huguswa kwa nadra. Usijaribu makali kwa kidole. Yajaribu kwa nywele za mkono.

Katika kunyoa, maji ya moto na sabuni vitangulie, ngozi ivutwe, wembe uinamishwe kidogo, nyuzi thelathini au pungufu, na ufuate uelekeo wa nywele. Wiki za mwanzo nyoa sehemu nyepesi tu. Sehemu za siri mwanafunzi aziache kwa kiwembe chenye kinga. Huko si mahali pa kujifunzia. Ukimaliza, ukaushe wembe na kuupaka mafuta kidogo, na usimpe mtu, hata ndugu yako wa tumbo moja. Kuufuta kwa spiriti hakuondoi shaka, na mpini wa mti au pembe haustahimili kuchemshwa.

Najua baadhi ya ndugu watauliza, wembe wa nini na sisi tumeamrishwa kufuga ndevu? Ndevu ziacheni. Kuna kichwa kizima kwa anayetaka, maana kunyoa nusu na kuacha nusu ndiyo qaza' iliyokatazwa, na vijana wanaitafuta kwa vinyozi kila Ijumaa. Kuna fitra tuliyoitaja. Kuna nywele za kooni, ambazo imepokewa kwa Imam Ahmad ruhusa ya kuziondoa.

Maimamu nawaomba jambo moja lililo karibu. Shaddad bin Aws (r.a.) amepokea kwamba Allah ameandika ihsani katika kila jambo, na Mtume (s.a.w.) akaamrisha mchinjaji anoe kisu chake ampunguzie mnyama maumivu. Kila Dhul-Hijja visu vyetu huwa butu, na kinoo huwa kimoja kwa mtaa mzima. Anayekusudia kuchinja udh-hiya, kwa hadithi ya Umm Salama (r.a.), haondoi nywele zake tangu mwezi uandame mpaka achinje. Siku hizo, nywele zikiwa zinasubiri, vijana wakusanywe uani mwa msikiti baada ya Alasiri na wafundishwe kunoa: visu kwanza, mbali na macho ya wanyama, na wembe baadaye, kila mmoja na wake.