Kiamu si Uhuru wa Mshairi

Imekuwa ada katika shule za upili, na hata katika baadhi ya madarasa ya vyuo vikuu, kwamba utungo wa kale wa Lamu unapofikishwa mbele ya wanafunzi, hatua ya kwanza ni kuhesabu na hatua ya pili ni kushtaki. Huhesabiwa beti, mishororo, vina na mizani. Kisha hutafutwa mifano ya kile kinachoitwa uhuru wa mshairi. Hapo ndipo "mato" huandikwa kuwa ni tabdila ya "macho", "mai" huwa "maji" yaliyopunguzwa, nayo "ndia" huwekwa katika fungu la maneno ambayo mshairi "ameyabadilisha ili kutosheleza arudhi". Mwanafunzi hupata alama zake, na kosa huendelea kurithiwa.

Ni kosa kwa sababu iliyo wazi. Uhuru huhitaji kwanza kuwapo sheria ambayo mtu ameruhusiwa kuikiuka. Mshairi wa Amu aliyesema "mato" hakukiuka lolote. Hivyo ndivyo alivyolisikia neno hilo kwa mamaye, ndivyo lilivyotamkwa sokoni na msikitini, na ndivyo linavyotamkwa hadi leo na Waamu wengi. Bwana Mwengo wa Athman alitunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728. Mkutano wa Mombasa uliokiteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930. Kumwambia Bwana Mwengo kwamba amefupisha au amegeuza maneno ya Kiswahili sanifu ni kumhukumu mtu kwa sheria iliyotungwa miaka 200 baada ya kalamu yake kukauka.

Huenda mtu akasema kwamba hili ni suala la majina tu. Iitwe tabdila au iitwe lahaja, shairi ni lile lile. La hasha. Jina tunalolipa neno huamua namna tunavyousikia utungo wenyewe. Chukua maneno ya kawaida tu, hata bila kugusa ubeti wa mtu yeyote. Katika Kiamu, "mato" hupatana kwa kina na "moto" na "kijito". Likisanifishwa kuwa "macho", kina kimekufa. "Kuya" hupatana na "haya" na "mbaya". "Kuja" haipatani nayo. "Mai" husimama pamoja na "hai" na "rai". Mizani nayo haisaliki: "ulele" ina mizani tatu, ilhali tafsiri yake sanifu, "amelala", ina nne, na mshororo wa utendi uliotimia kwa mizani nane sasa una tisa. Basi mwanafunzi anayesoma "ulele" kama inkisari ya "amelala" anafikiri mshairi amebanwa na hesabu akakata neno. Ukweli ni kwamba huo ni wakati timilifu wa kale, umbo kamili lisilopungukiwa na kitu. Fundi alichukua mbao iliyokwisha kuwa na urefu ule, hakutumia msumeno.

Jambo hili huonekana vizuri zaidi tukikumbuka jinsi tungo hizi zilivyoandikwa. Hati za Kiarabu zilizotumiwa Lamu, Pate na Siyu zilikuwa na alama tatu tu za irabu fupi, kwa hiyo i na e ziliandikwa kwa alama moja, vivyo hivyo u na o. Mara nyingi nazali iliyotangulia konsonanti haikuandikwa kabisa. Msomaji asiyekijua Kiamu hakuweza kuthibitisha kina kwa jicho. Alipaswa kuusoma kwa sauti, tena kwa matamshi ya mahali, ndipo "-yi" na "-ye" zitengane. Kina cha utendi kilikuwa mali ya sikio, na sikio lenyewe lilikuwa la Kiamu. Kuihamisha hati hiyo kwenye herufi za Kirumi na kwenye tahajia sanifu kwa pamoja, bila kusema, ni kuliondoa sikio na kubakisha jicho peke yake.

Kuna dai la pili ambalo husikika sana, kwamba arudhi ya Kiswahili ni ya Waarabu na washairi wa Lamu waliinakili tu. Dai hili nalo linastahili kupimwa. Warumi walipoichukua bahari ya Wayunani, Ennius akiwa miongoni mwa waasisi katika karne ya 3 na ya 2 kabla ya Kristo, waliichukua pamoja na kanuni yake ya silabi ndefu na fupi, kwa kuwa Kilatini chenyewe kilikuwa na irabu ndefu na fupi. Ushairi wa Kiarabu nao hupimwa kwa urefu na ufupi wa silabi. Watunzi wa Lamu waliujua ushairi huo vilivyo. Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate aliifasiri Hamziyya ya al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, mshororo kwa mshororo. Hata hivyo hakuleta urefu na ufupi. Alihesabu silabi: mizani 15 zilizogawanywa kwa vituo vya sita, nne na tano. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ule utungo unaoomboleza kuporomoka kwa Pate, una mizani 10 kwa mshororo, sita kisha nne, na mshororo wa nne wa kila ubeti hubeba kina kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Kanuni iliyofuatwa ni ile inayokubaliwa na lugha yenyewe. Kwa hiyo lugha ya mahali ndiyo iliyoamua mizani, na lugha hiyo ilikuwa Kiamu.

Kilatini kinatufaa kwa mfano mwingine pia. Umbo la kale la umilikishi lenye kiishio "-ai" lilikuwa bado ni sehemu ya lugha ya ushairi ya zama za Ennius. Vergilius, karne moja na nusu baadaye, alilitumia mara chache mno, kwa makusudi, ili kuupa mshororo ladha ya ukale. Umbo ni moja, lakini kwa Vergilius ni uteuzi wa kimtindo, na mwalimu wa Kilatini asiyetofautisha hali hizo mbili hangesifiwa. Kwetu tofauti hiyo ipo. Mshairi wa Tanga au wa Unguja aliyezoea kusema "macho", akaazima "mato" kwa sababu kina kimemdai, huyo ametumia uhuru wake. Kiamu kilikuwa lugha ya heshima ya ushairi na wengi walikiazima. Mwana Kupona, mzaliwa wa Pate aliyemtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858, hakuazima. Swali la mtihani lisilouliza mshairi ni wa wapi haliwezi kutoa jibu la haki.

Haisemwi hapa kwamba washairi wa kaskazini hawakuwa na uhuru wowote. Walipindua mpangilio wa maneno, walirefusha na kufupisha majina ya Kiarabu, na walichota msamiati uliokwisha kuchakaa hata kwa wenzao. Huo ndio unaofaa kuitwa uhuru, na utaonekana tu baada ya Kiamu cha kawaida kutengwa kando. Wala si haki kuwalaumu walimu peke yao. Wamefundishwa kwa vitabu vinavyofuata nyayo za Kaluta Amri Abedi, ambaye Sheria zake za mwaka 1954 ziliwafaa sana watunzi wa mashairi wa zama zake. Mtaalamu huyo mzaliwa wa Ujiji hakudai kuwa anawatungia sheria marehemu wa Pate. Waliofuata ndio waliozirudisha nyuma.

Madhara yake si ya wafu tu. Ahmed Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, alitunga Sambo ya Kiwandeo (1979) akihifadhi msamiati wa mafundi wa majahazi wa Lamu kwa lugha yao wenyewe. Ustadh Mahmoud Mau, aliyetunga Kimondo mwaka 1975, ni mshairi wa Kiamu wa zama zetu. Na kijana wa Faza au Matondoni anapoketi kufanya mtihani wa fasihi, huulizwa atoe mifano ya maneno "yaliyoharibiwa" na mshairi, naye huandika maneno ambayo bibi yake ameyatumia asubuhi hiyo.

Marekebisho si magumu. Mtahini anaweza kuongeza fungu la "lahaja ya mtunzi" mbali na fungu la uhuru, na kulipa alama zake. Mhariri anaweza kuchapa "mato" katika ubeti na kuweka "macho" pambizoni. Na mhadhiri mwenye mwanafunzi wa Amu darasani anaweza, kabla ya kalamu nyekundu kuandika "inkisari", kumwomba ausome mshororo huo kwa sauti.