Fasheni imebeba joka, ikaiacha sarufi

Miongoni mwa mambo ambayo vijana wetu wameyapokea kutoka ng'ambo pasipo kuuliza asili yake ni picha za joka, samaki, mawimbi na maua ambazo huonekana kwenye fulana, kofia na jaketi, na siku hizi hata kwenye mikono na migongo yao. Nyingi hufika kwetu zikiwa zimechapwa juu ya nguo za mitumba. Mwalimu huziona, akakunja uso, akaamuru zifunikwe. Je, kati ya kijana anayezionyesha na mwalimu anayezikataza, ni nani aliyewahi kuzisoma? Natumia neno "kuzisoma" kwa makusudi, maana hoja ya makala haya ni kwamba chale za Wajapani ni lugha yenye msamiati na sarufi yake, na kwamba fasheni imechukua msamiati huo ikaiacha sarufi.

Tuanze na majina. Wajapani wana maneno mawili makuu ya kuitaja sanaa hii. La kwanza ni irezumi, lililoundwa kwa kitenzi chenye maana ya kutia na nomino yenye maana ya wino. La pili ni horimono, yaani kitu kilichochongwa. Maneno haya hayana uzito mmoja. Irezumi lilikuwa pia jina la adhabu: tangu mwaka wa 1720, watawala wa Edo waliwatia wahalifu alama za wino mwilini, badala ya kuwakata pua na masikio kwa baadhi ya makosa. Adhabu hiyo ilifutwa mwaka wa 1870, lakini harufu yake haikuondoka katika neno. Ndiyo sababu baadhi ya wastadi hupendelea kusema horimono. Fundi mwenyewe huitwa horishi, yaani mchongaji, na aghalabu hupewa jina la kazi linaloanza na Hori, kama lile la Horiyoshi III wa mjini Yokohama, aliyezaliwa mwaka wa 1946. Kazi inayofanywa kwa mkono, kwa sindano zilizofungwa kwenye ncha ya mpini, huitwa tebori.

Sanaa yenyewe ilistawi Edo, mji ambao leo ni Tokyo, na ilitokana na kitabu. Riwaya ya Kichina ambayo Wajapani huiita Suikoden husimulia habari za mashujaa 108 waliokimbilia mabwawani na kuwaasi watawala dhalimu. Mnamo mwaka wa 1827 msanii Utagawa Kuniyoshi alianza kutoa picha za mashujaa hao, zilizopigwa chapa kwa vibao vya mti, na wengi wao akawapamba kwa chale za majoka, simba na maua mwili mzima. Picha hizo zilikuwa za bei nafuu, nazo zikawavutia watu wa kazi za sulubu: wachukuzi, mafundi wa ujenzi na wazimamoto. Watu hao hawakuwa na ruhusa ya kuvaa hariri za mabwana, basi wakaufanya mwili kuwa vazi.

Mzimamoto alichagua joka kwa sababu maalumu. Katika imani za Asia Mashariki, joka ni kiumbe wa maji na mvua. Halitemi moto kama lile la ngano za Ulaya. Mtu aliyeingia katika nyumba inayoungua alibeba mvua mgongoni. Kijana wa leo anayevaa joka hilo akidhani kwamba ni alama ya moto na ukali amelisoma kinyume kabisa.

Sarufi yenyewe haiishii hapo. Samaki aitwaye koi huchorwa akipanda maporomoko ya maji, kwa kuwa kuna hekaya ya Kichina isemayo kuwa samaki atakayefaulu kuyapanda hugeuka joka. Kwa hivyo mchoro huo ni sentensi kamili kuhusu ustahimilivu. Simba huandamana na ua liitwalo botan. Ua la sakura, ambalo huchanua kwa siku chache na kupukutika, hukumbusha ufupi wa maisha. Sakura ni ua la majira ya kuchipua ilhali majani mekundu ya momiji ni ya majira ya kupukutika, na fundi aliyefunzwa vyema huchelea kuyachanganya bila sababu. Upepo, mawingu na mawimbi ndiyo viunganishi vinavyofanya picha zote ziwe kauli moja. Kazi ya mwili mzima huchukua miaka, na mara nyingi huachwa ukanda mtupu katikati ya kifua, ili nguo ikifunguka kidogo pasionekane kitu. Naam, ni sanaa kubwa iliyokusudiwa kufichwa. Fasheni, kwa upande wake, imekusudiwa kuonekana. Hapo ndipo mgongano ulipoanzia.

Sisemi kwamba kila mgeni aliyeigusa sanaa hii aliiharibu. Mmarekani Don Ed Hardy alikuwa amesomea sanaa ya kupiga chapa kule San Francisco kabla ya kusafiri mwaka wa 1973 hadi Japani na kufanya kazi chini ya fundi Horihide, katika mji wa Gifu. Aliporudi kwao, alikuwa amejifunza utunzi, si picha moja moja. Mbunifu wa mavazi Issey Miyake, mwenyewe Mjapani, alitengeneza mwaka wa 1971 vazi lenye mchoro wa mtindo wa chale, likiwa na nyuso za wanamuziki Jimi Hendrix na Janis Joplin waliofariki mwaka uliotangulia. Alijua alichokuwa akisema: aliwaomboleza wafu wapya kwa lugha ya kale.

Lakini katikati ya miaka ya 2000, mfanyabiashara Mfaransa Christian Audigier alipewa idhini ya kutumia jina na michoro ya Hardy, na mara joka na koi wakamwagika juu ya fulana, kofia na manukato. Simba akatengwa na ua lake, samaki akatengwa na maporomoko yake. Kilichouzwa ni maneno yaliyong'olewa kutoka katika sentensi.

Mfano ulio wazi zaidi ulitokea mwezi wa Januari 2019. Mwimbaji Ariana Grande alichorwa kiganjani herufi mbili za Kijapani, akikusudia kuadhimisha wimbo wake kuhusu pete saba. Herufi ya kwanza ni saba, na ya pili ina maana ya mviringo. Alieleza baadaye kwamba aliziacha herufi za katikati kwa sababu ya uchungu wa sindano. Matokeo yake ni kuwa herufi mbili zilizobaki husomwa shichirin, na shichirin ni jiko dogo la makaa la kuchomea nyama! Mwanafunzi wa isimu ataelewa mara moja kilichotokea. Katika Kiswahili, "mwana" ni mtoto na "maji" ni maji, lakini "mwanamaji" si mtoto wa maji bali ni baharia. Maana ya neno ambatano haipatikani kwa kujumlisha sehemu zake kama hesabu. Ajuaye kamusi pekee hajui lugha.

Kisa hicho huchekesha, ila upande wa pili wa jambo hili hauchekeshi hata kidogo. Mnamo mwaka wa 1872 serikali ya Meiji, ikihofia kuonekana shenzi mbele ya mataifa ya Magharibi, iliwapiga Wajapani marufuku kuchorwa chale. Mwaka wa 1881, mwanamfalme wa Uingereza ambaye baadaye alitawazwa kuwa Mfalme George wa Tano alizuru Japani na kuondoka na joka mkononi. Mwenye sanaa aliadhibiwa kwa ajili ya macho ya mgeni, huku mgeni yuyo huyo akiifurahia! Marufuku hayo hayakuondolewa hadi mwaka wa 1948, na kufikia wakati huo chale zilikuwa zimefungamanishwa na magenge ya yakuza.

Hadi leo bafu nyingi za umma na chemchemi za maji moto nchini humo huwakatalia watu wenye chale. Nakiri kwamba wenye bafu wana hoja: kwa miaka mingi katazo hilo lilikuwa njia ya kuwazuia wahuni bila kugombana nao. Hata hivyo, tazama lilikofika. Mwaka wa 2013 mwanamke wa Kimaori kutoka New Zealand alikwenda kisiwani Hokkaido kuhudhuria mkutano kuhusu lugha za wenyeji asilia. Alikataliwa kuingia bafuni kwa sababu ya chale za kimila zilizokuwa usoni mwake. Na Hokkaido ndicho kisiwa ambako wanawake wa Kiainu walikuwa na desturi ya kuchora chale kuzunguka midomo yao, mpaka serikali ilipoipiga marufuku mwaka wa 1871. Alama ya ukoo ikasomwa kama alama ya genge.

Mafundi nao walikuwa hatarini. Mchoraji mmoja wa Osaka alishtakiwa kwa kufanya kazi hiyo bila leseni ya udaktari, kwa kuwa kuchoma sindano kulihesabiwa kuwa tendo la tiba. Alitozwa faini mwaka wa 2017, akashinda rufaa mwaka wa 2018, na ni mwaka wa 2020 tu ambapo Mahakama Kuu Zaidi ya Japani ilithibitisha kwamba kazi yake si uganga. Miaka yote hiyo, joka lilikuwa likiuzwa madukani kote duniani pasipo kumletea mwuzaji fulana shaka yoyote.

Kuna watakaoniambia kwamba tamaduni zote hukopana, na kwamba picha ni picha tu. La kwanza ni kweli. Kuniyoshi mwenyewe aliwakopa mashujaa wa Kichina. Kiswahili nacho kilikopa neno "kitabu" kutoka kwa Waarabu. Lakini lilipoingia kwetu tulilipa ngeli na wingi, tukasema "vitabu", likawa letu. Huo ndio ukopaji wa haki, ambapo neno la mgeni hupewa nafasi katika sarufi ya mwenyeji. Fulana ya joka haikufanya hivyo. Haikubaki na sarufi ya Edo, wala haikulipa joka sarufi nyingine.

Basi tufanyeje? Kwa walimu, nasema kuwa katazo peke yake halifundishi. Somo moja la fasihi au la sanaa laweza kutumia picha iliyo juu ya jaketi la mwanafunzi kueleza maana ya ishara, muktadha na ukopaji kwa namna ambayo ubao hauwezi. Kwa wanafunzi, nakumbusha desturi ya mama wa Pwani: hanunui leso kabla ya kulisoma jina lake, kwa maana anajua kwamba akiivaa amesema, na waliosoma watamjibu. Leso huweza kuvuliwa jioni. Chale haivuliwi, na msomaji wake wa kesho huenda akawa mwajiri, mkwe au Mjapani mwenye jiko la makaa nyumbani.

Anayeipenda sanaa ya Wajapani na aipende, ila aanze kwa kuuliza joka hilo linatoka wapi, linaandamana na nini, na ni nani aliyefungiwa mlango kwa sababu ya kulibeba. Akishayajua hayo, hata akiamua kulivaa, atakuwa amelivaa kama msomaji.