MAONGEZI YA JIONI: Ndege Ndogo Iliyoanguka Uwanjani



Juma hili nimepata barua ya baba mmoja. Jina lake nitaliacha, maana si la kutangazwa. Bali habari yake sikuona vema kuificha, kwani kesho yaweza kufika nyumbani kwako. Asema kwamba kijana wake wa miaka 16 aliletewa na mjomba wake ndege ndogo ndani ya sanduku, ndege ya kuongozwa kwa redio. Kijana akaiunga jioni moja tu, kwa taa. Kesho yake, Jumamosi, akaipeleka kwenye uwanja wa shule akairusha. Ndege ikainua pua, ikapanda kama mtu apandaye mnazi, ikasimama angani kitambo kidogo, kisha ikapinduka na kushuka kwa kichwa. Ikagonga chini hatua nne tu kutoka kwa watoto wadogo waliokuwa wakitoka mafundisho ya dini.

Hakuumia mtu, Mungu ashukuriwe. Baba akaokota mabaki, akayafungia sandukuni chini ya kitanda, na ufunguo anao yeye. Tangu siku ile kijana hasemi na baba yake ila kwa kuulizwa. “Je,” aniuliza, “niichome moto, au nimrudishie?”

Baba mpenzi, kabla hujasoma mstari mwingine, nenda ufungue sanduku lile. Toa betri, uiweke nje juu ya udongo mtupu, mbali na nyumba na mahali wanapofika watoto. Betri za ndege hizi ni za lithiamu. Ikiisha kugongwa au kutobolewa, yaweza kukaa kimya kwa saa nyingi, halafu ikawaka yenyewe. Ukiiona imevimba kama andazi, au imebonyea, usiichaji tena kamwe. Wala usiitupe katika shimo la taka linalochomwa. Na hapo umekwisha kupata nusu ya jibu langu: usiichome moto!

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Wewe waona kosa la mwanao ni kucheza. Mimi naona alikosa mambo mawili: hakupima uzito wa ndege, na hakuchagua mahali. Kucheza hakumo.

Nadhani hivyo kwa sababu ya maneno yako mwenyewe. Ndege inayoinua pua bila kuagizwa, ikapoteza mwendo, ikaanguka, kwa kawaida ni ndege iliyoelemewa nyuma. Mwenye kupanda mtumbwi ajua jambo hili. Abiria wote wakikaa nyuma, mbele huinuka, na mwenye kasia hawezi tena kuelekeza chombo. Ndege ndogo ni vivyo hivyo, tena haina maji ya kuishika. Mabawa hubeba maadamu hewa yapita juu yake kwa mwendo wa kutosha na kwa mwinamo mdogo. Pua ikiinuka mno, hewa huliacha bawa, na bawa lisilo na hewa ni ubao tu.

Namna ya kupima si ngumu, wala haitaki chombo cha fundi. Ndege ikiisha kuungwa yote, betri ikiwa mahali pake ila haijaunganishwa, pima upana wa bawa karibu na mwili, toka ukingo wa mbele hadi ukingo wa nyuma. Tuseme ni sentimita 20. Basi weka alama ya kalamu chini ya kila bawa, sentimita 5 au 6 kutoka ukingo wa mbele, yaani kati ya robo na theluthi ya upana. (Kitabu kilichokuja na ndege kikitaja kipimo chake, fuata kitabu.) Kisha iinue ndege kwa ncha za vidole viwili penye alama zile. Ikitulia sawa, au ikiinamisha pua kidogo sana, vema. Ikikalia mkia, isogeze betri mbele. Isipotosha, bandika puani kipande cha risasi ya kuvulia samaki, ujaribu tena. Ndege nzito mbele huruka kwa uvivu, lakini utairudisha nyumbani. Iliyo nzito nyuma haikupi nafasi ya pili.

Halafu ishike kwa pua na kwa mkia, uone kama bawa moja lashuka. Likishuka, tia uzito kidogo kwenye ncha ya bawa la pili.

Mabawa ya ndege za siku hizi mara nyingi ni ya povu gumu jepesi, kama lile linalofungiwa televisheni dukani. Povu hili huchukia jua kali na mzigo wa kulaliwa. Kwa hiyo simama nyuma ya ndege, fumba jicho moja, utazame kama seremala atazamavyo ubao wake. Bawa limepindika? Mkia umelala sambamba na mabawa? Kama sivyo, usiseme “itajirekebisha angani.” Haitajirekebisha.

Sasa vibao vya kuongozea. Hapa ng’oa pangaboi kwanza! Nasema ng’oa, si “angalia.” Pangaboi dogo la plastiki lenye mota ya umeme hukata kidole kabla mtu hajasema “aa,” na mota yaweza kuzunguka ghafula kwa kuguswa tu kijiti cha rimoti. Basi, pangaboi likiwa mfukoni mwa baba, washa rimoti kwanza, kijiti cha mwendo kikiwa chini kabisa. Ndipo uunganishe betri ya ndege. Wakati wa kufunga kazi ni kinyume chake: betri ya ndege hutolewa kwanza, rimoti huzimwa mwisho. Kwa namna hiyo ndege haikai hata dakika moja yenye nguvu bila bwana wake.

Simama nyuma ya mkia, utazame inakotazama ndege. Vuta kijiti cha kupandishia kuja kwako: kibao cha mkia kilicholala kiinuke juu. Peleka kijiti cha kupindia kuume: kibao cha bawa la kuume kiinuke, cha kushoto kishuke. Peleka cha usukani kuume: kibao cha mkia kilichosimama kiende kuume. Watu wengi hukagua kwamba vibao vyatikisika. Hawakagui vyatikisika upande gani. Wakirusha, wanaagiza kuume, ndege yaenda kushoto. Wanazidisha kuume, nayo yazidi kushoto, na hadithi inakwisha pale pale. Rimoti ina kitufe cha kugeuza, ni kazi ya dakika moja.

Tena, pangaboi likiwa bado mfukoni, sogeza mota izunguke pole, kisha zima rimoti kusudi. Mota isimame yenyewe. Isiposimama, usirushe, maana siku mawimbi yatakapokatika ndege itakwenda na nguvu zake hadi itakapogonga kitu, au mtu. Jaribu pia umbali: rimoti nyingi zina namna ya kupunguza nguvu kwa ajili ya jaribio hili. Mtoto ashike ndege, wewe rudi nyuma hatua 30, uone kama vibao vyatii bado. Zamani wenye ndege hizi walikuwa na shaka nyingine kubwa, kwani watu wawili wakitumia wimbi moja uwanja mmoja, mmoja aliiangusha ndege ya mwenzake. Mitambo ya siku hizi, itumiayo mawimbi ya gigahezi 2.4, hujitambulisha kila mmoja kwa mwenziwe, na shaka hiyo imepungua sana.

Mwisho rudisha pangaboi. Upande wenye maandishi hutazama mbele, kule iendako ndege. Likigeuzwa, mota hulia sana na ndege haendi.

Labda utasema, “Maneno haya yote kwa kitu cha kuchezea?” Sikiliza basi habari ya mzee mmoja Mmarekani, Maynard Hill. Mwaka 2003 alikuwa na miaka 77, macho yake karibu hayaoni, na masikio yalikuwa mazito. Mzee huyu aliunda ndege ndogo ya mti mwepesi wa balsa, mabawa yake kama mita 1.8 toka ncha hadi ncha, uzito wake pamoja na mafuta usiofika kilo 5. Mafuta yenyewe yalikuwa ya kuwashia taa za kambini! Tarehe 9 Agosti mwaka ule ikarushwa toka Cape Spear, pwani ya Kanada, ikivuka bahari ya Atlantiki. Mwanzoni iliongozwa kwa redio. Kisha mtambo mdogo ndani yake, uliosoma njia kwa setilaiti, ukaishika. Ilipofika ng’ambo watu waliokuwa wakiingoja wakaichukua tena kwa redio, wakaitua Ireland, nchi walikotoka wamisionari wengi, karibu na Clifden. Ilikuwa angani saa 38 na dakika 52, mwendo wa kilomita zaidi ya 3,000. Na mafuta yalibaki kiasi cha kuoshea vidole tu. Karibu na mahali pale pale ndipo Alcock na Brown walipotua mwaka 1919, walipokuwa wa kwanza kuivuka Atlantiki kwa ndege bila kutua njiani.

Ndege za Hill zilizotangulia zilipotelea baharini. Hakuzifungia chini ya kitanda. Alitafuta kosa, akaunda nyingine.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Tangu mwaka 2016 ndege zisizo na rubani zimepeleka damu hospitalini nchini Rwanda, na mwaka 2018 nyingine zilijaribiwa kupeleka dawa toka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 juu ya ziwa, kwa dakika kama 40. Waliozitengeneza walianza na kupima uzito, kama nilivyokwambia.

Nije sasa kwenye mahali. Uwanja wa shule siku ya mafundisho, hapana. Karibu na nyumba, nyaya za umeme, barabara, mnada, hapana. Tena Tanzania na Kenya zina sheria kuhusu ndege ziongozwazo toka chini, na ruhusa hutolewa na mamlaka ya usafiri wa anga. Ulizieni kabla ya kurusha, na mwenyekiti wa kijiji naye ajue. Tafuta malisho mapana yenye majani marefu. Nenda asubuhi na mapema, upepo haujaamka. Rusha majani makavu juu uone upepo watoka wapi, kisha uelekee unakotoka.

Siku ya kwanza, mota isiwashwe. Kijana aisukume ndege mbele kwa mkono, sawa na usawa wa macho, juu ya majani marefu. Ikiteleza pole na kutua kwa tumbo mbele yake, uzito uko sawa. Ikiinua pua, rudini kwenye vidole viwili. Ikichoma chini kama mkuki, rudisheni betri nyuma kidogo. Haya yafanyeni mara kumi. Siku ya pili ndipo mota, na apande mara mbili ya urefu wa mwembe mkubwa kabla ya kukata kona.

Jambo moja huwachanganya wote: ndege ikija kukuelekea, kuume kwake ni kushoto kwako. Dawa yake ni hii: bawa likiinama, sukuma kijiti upande ule ule uliko bawa lililoinama, ndege itanyooka. Afanye zoezi hili kwa mdomo na mkono wakati wa kuchunga mbuzi, hata akili izoee.

Na wewe, baba, kazi yako ni mbili. Shika saa, umwambie dakika ya tano ikifika atue, maana betri ikinyonywa hadi mwisho huharibika. Na uwazuie watoto wakae nyuma ya mrushaji, wala si mbele wala pembeni. Mwenye kuongoza ndege hawezi kutazama chini. Macho yake yote yako juu. Ndiyo sababu watoto wale walikuwa hatua nne, naye hakuwaona. Hakuwa amewadharau, hakuwa na mtu wa pili, basi.

Mama naye ana neno katika kuchaji: isichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya godoro. Iwekwe juu ya tofali, mtu amekaa karibu.

Kijana akipenda sala kabla ya kurusha, amkumbuke Bikira Maria wa Loreto, ambaye Papa Benedikto XV alimtangaza mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani. Sikukuu yake ni tarehe 10 Desemba.

Basi, baba, mrudishie. Lakini usimpe sanduku na kuondoka. Kaeni mezani wawili, yeye na gundi, wewe na rula. Mkiisha kuipima juu ya vidole, niandikie ilitulia sentimita ngapi toka ukingo wa mbele, na betri ilibidi isogezwe kiasi gani. Nangoja barua yako.