HESABU ZA CHAMA SI SIRI YA VIONGOZI



Msimu wa korosho ukifika tunahimizwa tulete mzigo ghalani mapema, tena safi na mkavu. Tunaleta. Mizani inasomwa, stakabadhi inaandikwa, tunarudi nyumbani kungoja. Hapo ndipo midomo ya viongozi wetu inapofungwa.

Bei ya mnada tunaisikia kwa vijana wa bodaboda. Makato tunayajua siku pesa ikiingia benki, nayo imeshapungua. Ukienda kuuliza ofisini, jibu ni lile lile: "Tulishatuma kwenye kikundi cha simu." Jamani, ni wazee wangapi hapa kijijini wana simu ya namna hiyo? Na ukuta huu, hatua chache tu toka mlango wa ofisi, una kosa gani?

Wengine wanajitetea eti hesabu ni siri ya biashara. Sisi tunasema hapana. Mfanyabiashara humficha mshindani wake, hamfichi mwenye mali. Katika ushirika mwenye mali ni mkulima, na kila mwanachama ana kura moja, awe na mikorosho 10 au 1,000. Mtu atapigaje kura juu ya jambo asiloelezwa?

Wala si jambo dogo. Shilingi 50 isiyoelezwa katika kila kilo, kwa mwenye kilo 800, ni shilingi 40,000. Huenda makato ni halali kabisa: ya usafiri, ya ghala, ya ushuru, ya chama kikuu. Basi yatajwe moja moja! Kiongozi safi akinyamaza na mwizi akinyamaza, sisi tulio nje tutawatofautishaje?

Ugonjwa huu ni wa zamani. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, na kati ya kasoro ilizozitaja ni wanachama kutoyajua mambo ya chama chao. Miaka 10 baadaye, 1976, vyama vikuu vilivunjwa kwa amri ya Serikali, hadi sheria ya mwaka 1982 ilipovirudisha. Chama kisichojulikana na wenyewe hakina wa kukitetea siku ya shida.

Kwa hiyo tunadai:

1. Baada ya kila mnada, ndani ya siku 2, zibandikwe hapa kilo zilizouzwa, bei ya kila daraja, na kila kato kwa jina lake.

2. Hesabu za mwaka zibandikwe siku 14 kabla ya mkutano mkuu, siyo kusomwa mbio mbio jua likizama.

3. Mwanachama akiuliza ajibiwe, asiitwe mkorofi.

Nawe ndugu, manung'uniko ya kijiweni hayabadili kitu. Shika stakabadhi yako, njoo mkutanoni, simama uulize. Kuuliza mali yako si ugomvi. Na kiongozi atakayejibu waziwazi, huyo tutamchagua tena bila kubembelezwa.

USHIRIKA NI WETU, HESABU NI ZETU!

Sisi, Kamati ya Gazeti la Ukutani