Kamera ya Kazi ni Ipi?

Mpwa wangu alisimamishwa getini saa tisa na nusu alasiri, mechi ikianza saa kumi. Uwanja ni mmoja kati ya vile vikubwa vya Afrika Mashariki, na foleni nyuma yetu ilikuwa imeshapinda mpaka kwa wauza jezi. Mlinzi aliingiza mkono kwenye mkoba wa kijana, akatoa kamera, akaipima uzito kiganjani kama mtu anayechagua papai, kisha akaitazama lenzi kwa muda.

"Mdogo wangu, hii ni kamera ya kazi. Hairuhusiwi."

"Kazi gani, kaka? Ni yangu mwenyewe, napiga picha za kumbukumbu tu."

"Ya kazi hii. Kamera ya kawaida haiwi hivi."

Kamera yenyewe ilikuwa ya mtumba. Kifuniko cha betri kilishikiliwa na selotepu, na mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka pembeni. Hakuna aliyemwambia aiwashe. Hakuna aliyeifungua lenzi kutazama ndani, na mfuko wa mbele wa mkoba, uliokuwa umetuna kwa chaja na chupa ya maji, haukuguswa kabisa. Mtu aliyekuwa nyuma yetu alipita na simu yenye macho matatu mgongoni bila kuulizwa neno. Sisi tulirudi nje, tukamwachia kamera mama mmoja anayeuza soda, kwa shilingi elfu mbili na ahadi ya mdomo. Kijana alitazama mechi mikono mitupu. Kila shambulizi lilipofika langoni nilimwona akiinua mikono usawa wa macho, kisha akiishusha.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Mwaka 2027 Kenya, Tanzania na Uganda zinapokea Kombe la Mataifa ya Afrika, na swali la yule mlinzi litaulizwa mara maelfu, kwa lugha nyingi, mbele ya wageni na wenyeji: kamera ya kazi ni ipi?

Nianze kwa upande wa mlinzi, kwa sababu woga wake si wa kubuni. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka Kampala katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mgahawa wa Ethiopian Village. Watu zaidi ya 70 waliuawa, wengi wao wakiwa wamekwenda kutazama mpira kwenye skrini. Tarehe 13 Novemba 2015, washambuliaji watatu walijilipua nje ya Stade de France, mechi ya Ufaransa na Ujerumani ikiendelea ndani. Hakuna hata mmoja wao aliyefika majukwaani. Upekuzi wa getini unaokoa maisha, na anayeudharau hajawahi kusimama katikati ya watu elfu sitini akajiuliza angetokea wapi.

Na kamera imewahi kuwa silaha. Tarehe 9 Septemba 2001, kaskazini mwa Afghanistan, kamanda Ahmad Shah Massoud aliuawa na watu wawili waliojifanya waandishi wa habari wa televisheni. Bomu lilifichwa ndani ya vifaa vyao vya kupigia picha. Anayefundisha walinzi ana haki ya kulitaja tukio hilo. Lakini alitaje lote. Wale watu hawakuwa watazamaji waliojipenyeza na lenzi ndefu. Walikuja na barua ya utambulisho, wakapokewa kama waandishi, wakasubiri wiki kadhaa wapangiwe mahojiano. Karatasi walikuwa nazo. Kilichokosekana ni mtu wa kukifungua kile kifaa na kutazama ndani.

Hapo ndipo ninapoona kanuni yetu inateleza. Mlinzi amefundishwa kutazama umbo, akaachwa bila mafunzo ya kukagua. Kamera iliyozuiwa kwa sababu inafanana na ya mwandishi haijakaguliwa; imehukumiwa tu, na iliyopita kwa sababu ni ndogo haijakaguliwa pia. Mwenye nia mbaya akijua kwamba kinachotazamwa ni ukubwa, ataleta kitu kidogo.

Wamarekani walilifikiria hili vizuri zaidi baada ya kuumia. Aprili 2013 mabomu mawili yalilipuka kwenye mstari wa kumalizia mbio za Boston, yakiwa yamebebwa katika mikoba ya mgongoni. Miezi miwili baadaye ligi yao ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilitangaza utaratibu mpya wa mifuko inayoonyesha kilicho ndani. Mikoba ya kamera na ya darubini ikapigwa marufuku, lakini kamera na darubini zenyewe ziliruhusiwa, ukizivaa shingoni au kuzishika mkononi. Walijiuliza hatari inakaa wapi, wakajibu kwamba inakaa ndani ya kitu kilichofungwa kisichoonekana. Getini kwetu ilikuwa kinyume chake: mkoba ulipita na chupa yake ya maji, kamera ikabaki nje. Tena katika tukio lile la Boston, picha na video zilizopigwa na watu wa kawaida kando ya barabara zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowasaidia wapelelezi kuwatambua waliohusika. Umati wenye kamera ni umati wenye macho, na mkuu wa usalama anayafaidi macho hayo kuliko mtu yeyote.

Umbo lenyewe, tukilifuata, linatupeleka wapi? Mwaka 2018 Canon walitoa kamera ndogo ya mfukoni, PowerShot SX740, inayovuta picha mara 40, sawa na lenzi ya milimita 960. Mpiga picha anayekaa nyuma ya goli mara nyingi anatumia lenzi ya milimita 400. Ile ya mfukoni inapita geti lolote duniani bila mtu kuinua nyusi, na ya mpwa wangu, inayofika milimita 200 tu, inarudishwa kwa muuza soda. Siku ile jioni niliipima lenzi yake kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 20 na nusu. Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 2012 ilizuia vifaa vikubwa vya picha vinavyozidi sentimita 30, pamoja na stendi za kamera za miguu mitatu na za mguu mmoja. Kwa kipimo hicho kijana angeingia na kamera yake, na mlinzi wa London asingelazimika kubishana naye, kwa sababu rula haina hasira wala upendeleo.

Sasa niseme lile ambalo getini halisemwi. Sehemu kubwa ya makatazo haya haitokani na mabomu. Inatokana na biashara. Katika mzunguko wa 2019 hadi 2022 FIFA ilikusanya zaidi ya dola bilioni 7.5, na fungu kubwa kuliko yote lilitoka kwenye haki za televisheni. Hapa Tanzania, mwaka 2021 Azam Media waliingia mkataba wa miaka kumi na TFF wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu. Fedha hizo zinalipa mishahara ya wachezaji na nauli za timu kutoka Kagera hadi Mtwara, nami sina ugomvi nazo. Anayelipa ana haki ya kulinda alichonunua. Kanuni za viwanja za Kombe la Dunia la Brazil mwaka 2014 ziliruhusu kamera kwa matumizi binafsi, tena na seti moja tu ya betri za akiba. Betri ya pili ya akiba haimwui mtu. Kifungu hicho kiliandikwa kumzuia anayetaka kurekodi mechi nzima. Ni kifungu cha biashara, na kama kifungu cha biashara kinaeleweka.

Shida inaanza pale biashara inapovaa sare ya usalama. Mlinzi akisema "ni usalama", mazungumzo yamekwisha; raia mwema hawezi kubishana na usalama, na sisi tuliokua tukisoma mabango ya "hairuhusiwi kupiga picha" kwenye makambi ya jeshi tumezoea kurudi nyuma bila kuuliza. Neno zito kama hilo likitumika kulinda mkataba wa picha, siku litakapohitajika kwa kweli watu watakuwa wameshalichoka. Na mkataba wenyewe haulindwi vizuri. Anayemwibia mwenye haki za matangazo leo ni yule anayerusha mechi mubashara kwa simu kutoka jukwaani, na simu yake hatuizuii. Picha mnato iliyopigwa kutoka safu ya 40 ya mzunguko haimpunguzii mtu mteja wa king'amuzi.

Wenzangu wenye ithibati, wanaokaa kando ya uwanja na vizibao vyao, wananipa hoja nzito zaidi. Wanasema wapo vijana wanaokata tiketi ya bei ya chini, wanapiga picha jukwaani, halafu wanaziuza kwa kurasa za mashabiki kabla wao hawajafungua kompyuta. Chakula chao kinapungua. Ninawaelewa, nami nimewahi kukaa palepale. Lakini dawa ya ugonjwa huo imeandikwa tayari kwenye tiketi nyingi za mashindano makubwa: picha za mtazamaji ni za matumizi yake binafsi. Anayeuza amevunja mkataba, ashughulikiwe kwa mkataba. Kumzuia mwenye lenzi kwa sababu huenda atauza ni kumwadhibu kabla ya kosa.

Kisha kuna foleni. Januari 24, 2022, wakati wa Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Cameroon, watu wanane walikufa kwa kukanyagana nje ya uwanja wa Olembe, Yaoundé, kwenye geti ambalo lilikuwa limefungwa wakati lilipaswa kuwa wazi. Mei 2023 hapa Dar es Salaam, siku ya fainali ya kwanza ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alipoteza maisha katika msongamano Uwanja wa Benjamin Mkapa. Agosti 2025, katika michuano ya CHAN, mashabiki walivamia uwanja wa Kasarani mpaka CAF ikapunguza idadi ya watu wanaoruhusiwa kuingia. Hatari tunayoijua kwa majina na kwa makaburi ni ya kubanana getini. Sisi na yule mlinzi tulibishana kama dakika sita. Nilihesabu watu waliokuwa wamesimama nyuma yetu mpaka arobaini nikaacha. Kila kanuni inayotegemea jicho la mlinzi inazaa mabishano, na mabishano yanaziba mlango. Kanuni inayoandikwa kwa sentimita inamaliza kazi kwa sekunde chache.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana siku ya mechi. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza na kamera ya kawaida kabisa akiwa bado mwanafunzi. Mwaka 1963 akaanzisha Camerapix hapahapa Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia. Hakuna anayezaliwa na ithibati. Mpiga picha wa michezo anajifunzia jukwaani, akikosea, akipata picha mia za migongo na moja ya mpira unapogusa nyavu. Fungua leo kumbukumbu za soka letu la miaka ya sabini na themanini, utahangaika kupata picha za mashabiki wenyewe: walivaa nini, walikaa vipi. Picha rasmi ziliwatazama wachezaji. Waliokaa jukwaani walikuwa na nafasi ya kututunzia yaliyobaki.

Ninachoomba kwa waandaaji wa 2027 ni kidogo na hakina gharama kubwa. Kipimo kiandikwe kwenye tiketi kwa Kiswahili, kwa sentimita, na kibandikwe kwenye ubao kabla watu hawajaingia foleni, si baada ya kufika mbele. Mikoba ya kamera ibaki nyumbani. Stendi za vyuma nazo zibaki, kwa sababu fimbo ya chuma katikati ya umati ni fimbo tu, na anayeinua lenzi asimzibe aliye nyuma yake. Kila kamera, kubwa kwa ndogo, iwashwe mbele ya mlinzi na ipigishwe picha moja, kama viwanja vya ndege vya nje vilivyoanza mwaka 2014 kuwataka abiria wa baadhi ya safari za kwenda Marekani wawashe simu na kompyuta zao. Kitu kinachopiga picha na kuionyesha kwenye kioo chake kimejieleza. Kikizidi kipimo, pawe na dawati lenye namba na risiti, ili mtu asilazimike kumwachia kamera mama wa watu kibandani. Na mahali ambapo sababu ni haki za matangazo, mlinzi afundishwe kusema hivyo, kwa sauti na bila aibu.

Mechi ilipokwisha siku ile tulirudi kwa yule mama. Alikuwa ameifunga kamera kwenye kanga yake na kuiweka chini ya kreti, mbali na jua. Mpwa wangu aliiwasha, akampiga yeye picha moja akicheka kati ya chupa zake, umati wa watu ukipita nyuma yake kutoka getini. Ndiyo picha pekee aliyonayo ya siku hiyo. Juzi aliniuliza kama aiuze ile lenzi anunue simu nzuri kabla ya 2027. Nimemwambia asubiri kwanza.