Rafiki wa Kuzimia Pamoja

Mama mpendwa, mwezi huu nataka tucheke kidogo, kisha tujiulize.

Mwaka 1790, huko Uingereza, binti wa mchungaji aitwaye Jane Austen, mwenye umri wa miaka 14, aliandika hadithi ya kejeli kwa mtindo wa barua. Aliiita Love and Freindship, yaani Upendo na Urafiki. Ilichapishwa mwaka 1922, zaidi ya miaka 100 baada ya kufa kwake.

Humo wamo Laura na Sophia, ambao siku ya kwanza tu kukutana wakawa marafiki wa kufa na kuzikana. Riwaya za wakati ule ziliwafundisha wasichana kwamba mwanamke mwema ana moyo laini, hulia na kuzimia upesi. Basi hawa wawili wanazimia kwa zamu juu ya kochi! Mume wa Sophia anapotiwa kifungoni, mkewe haendi kumwona, eti moyo wake hautastahimili. Baadaye wanawakuta waume zao wamepinduka na gari la farasi, wamelala katika damu. Kwa saa moja na robo Sophia anazimia, na Laura anarukwa na akili. Kumbe mume wa Laura alikuwa bado hai! Hakuna aliyeshika kitambaa akazuia damu.

Kama muuguzi, nilicheka. Kisha nikanyamaza, maana nami nimewahi kuwa hivyo. Dada mmoja wa kwaya yetu alinieleza kwa siri kwamba ana uvimbe titini. Alilia, nami nikalia naye. Niliogopa kumtia hofu, nikamwambia tutaona. Miezi mitatu ikapita. Siku nilipompeleka hospitali, daktari alituuliza tulikuwa wapi siku zote. Dada yule alikatwa titi. Namshukuru Mungu kwamba yu hai, lakini swali lile halijanitoka.

Binti yule mdogo alitambua jambo kubwa: kumsifu mwanamke kwa udhaifu wake ni kumnyang'anya akili na mikono yake. Wahenga walisema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Machozi si dhambi, lakini hayafungi kidonda.

Mama, rafiki yako akikulilia leo, mfute machozi. Halafu vaa viatu, umsindikize.