Kukatika Si Kuzimwa

Soketi ya sebuleni imefunguliwa, waya zimechomoza ukutani, na umeme umekatika mtaa mzima. "Afadhali," mwenye nyumba anamwambia fundi, "maliza kabla haujarudi."

Kauli hiyo imezoeleka, nasi tunasema ni ya hatari. Umeme uliokatika haujazimwa. Anayeurudisha yuko mbali, hajui kwamba kuna mtu kashika waya, wala hapigi hodi.

Meni swichi iko palepale karibu na mita ya LUKU; kuishusha ni kazi ya sekunde moja. Haishushwi kwa sababu friji ina samaki, au mpira unaendelea. Balaa zaidi ni nyumba ya kupanga yenye mita moja. Fundi anashusha, anarudi chumbani kuendelea na kazi. Mpangaji wa uani anaona simu yake haichaji, anakuja barazani, anakuta swichi iko chini, anaipandisha. Hana nia mbaya, ila ameshaua. Ndiyo maana tunataka boksi la swichi lipigwe kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi. Kama halifungiki, asimamishwe mtu hapo mpaka kazi iishe.

Kisha fundi apime. Testa isiyowaka si ushahidi mpaka ijaribiwe kwanza kwenye soketi yenye umeme. Nayo hufa, kama tochi. Fundi rangi asiiamini swichi ya ukutani anapofungua holda ya taa, kwani waya zikiwa zimegeuzwa, taa inazimika huku holda ina umeme. Fundi vigae na fundi bomba, wanaoshinda pekupeku kwenye maji na drili yenye waya iliyofungwa selotepu, hata hatujui tuwaambie nini, zaidi ya kuvaa viatu vikavu na kuitupa hiyo waya.

Umeme wa majumbani ni volti 230. Balbu ya kizamani ya wati 15 huvuta takriban miliampia 65, na kiasi hicho kikipita kifuani chaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Kwa kazi ya umeme yenyewe, mwenye nyumba aombe kuona leseni ya EWURA. Na kuhusu samaki: friji isipofunguliwa hutunza ubaridi wake kwa muda wa saa 4 hivi. Soketi moja haichukui hata nusu ya muda huo.